Shajara ya mradi: kutengua hukumu ya deni la mashine na nyavu

4 Machi 2024, Jumatatu

Mjomba amepiga simu jioni kutoka Ukerewe. Mtendaji wa kijiji chake amemkabidhi karatasi ya mahakama ya wilaya ya huku Mwanza: afike aonyeshe sababu kwa nini hukumu isikaziwe, yaani isitekelezwe kwa nguvu, na kwa nini asikamatwe awe mfungwa wa madai, anayefungwa kwa kutolipa deni. Deni ni shilingi 38,400,000. Hukumu ilitolewa tarehe 18 Machi 2022. Yeye anaapa kwamba hajawahi kupokea wito wowote, wala hakujua kama kuna kesi.

Nimemwomba jambo moja tu kabla hajalala: nyuma ya ile karatasi aandike tarehe, saa na jina la aliyemkabidhi, kisha mtendaji asaini na kugonga muhuri. Nina steshenari Nyakato, na viapo vya watu nimevichapa vya kutosha kujua kwamba kesi nyingi hufia kwenye tarehe kabla hazijafika kwenye haki.

Ndiyo sababu ya kufungua shajara hii. Kila siku iingie humu, hata ile ya kukaa tu tukisubiri.

6 Machi

Nimekagua jalada. Unaandika barua, unapewa kontroli namba, unalipa kwa wakala nje ya geti, unarudi na risiti, karani wa masjala anakuletea faili unalisoma palepale kwenye benchi. Nimeomba pia nakala zilizothibitishwa za hati ya madai, hukumu, tuzo (amri ya kulipa inayotokana na hukumu) na kiapo cha mpeleka wito.

Kesi ilisajiliwa tarehe 9 Agosti 2021. Mdai ni yule tajiri wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, aliyekuwa akimfadhili Mjomba kwenye uvuvi wa dagaa. Upande mmoja umesikilizwa peke yake, shahidi mmoja, kielelezo kimoja, basi. Mtaji 16,500,000, riba 19,900,000, fidia ya jumla 2,000,000. Juu yake mahakama imeweka asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu hadi deni litakapolipwa, ambayo ndiyo kawaida ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Maana yake kiasi hicho kinaongezeka 2,688,000 kila mwaka huku Mjomba yuko ziwani anatega taa zake.

Lakini karatasi iliyonifanya niketi sawasawa ni kiapo cha mpeleka wito. Kina aya nne. Aya ya tatu inasema kwamba tarehe 14 Septemba 2021, saa tano asubuhi, alimkuta mdaiwa nyumbani kwake Nyakato, akamsomea wito, mdaiwa akakataa kusaini "mbele ya mwenyekiti wa mtaa". Mwenyekiti gani? Hakuna jina, saini wala muhuri. Na nani alimwonyesha hiyo nyumba? Sheria inamtaka ataje jina na anwani ya aliyemtambulisha. Hapo patupu. Nyumba anayoitaja, Mjomba aliihama mwaka 2016 akarudi kwao kisiwani. Napita mbele yake kila asubuhi nikienda kufungua duka. Anakaa fundi cherehani.

7 Machi

Nakala hazijatoka. Nimeambiwa kesho. Naandika hivyo hivyo.

8 Machi

Nakala zimetoka saa nane mchana. Stakabadhi ya maombi ina tarehe ya 6, na kwenye rejista nimesaini kuzipokea leo tarehe 8. Nimepiga picha ukurasa wa rejista kwa ruhusa ya karani.

9 Machi, Jumamosi

Mjomba amefika kwa meli, amenuna. Mwezi unaandama kesho, hizi ndizo siku za giza ambazo dagaa hufuata taa, na yeye mtumbwi kauachia vijana. Amekuja na kaunta buku yake ya 2013 ndani ya mfuko wa rambo. Iliwahi kuloa ikakauka, kurasa zimevimba, lakini kalamu ya bluu inasomeka: tarehe, magunia, aliyepokea.

Habari yenyewe iko hivi. Mwaka 2013 tajiri alimpa mashine mbili za boti, nyavu za dagaa na taa za sola, vyote vikathaminiwa 16,500,000. Sharti: mzigo wote ushushwe kwake Mwaloni mpaka deni liishe, asiuze pengine. Makubaliano ni ukurasa mmoja, na nimeusoma mara mbili kutafuta neno riba. Halimo. Hizo milioni karibu ishirini za riba zimetoka wapi, ndiyo moja ya maswali ambayo hakuna mtu alikuwepo kuyauliza.

Daftari la Mjomba linaonyesha magunia 96. Hati ya madai inakubali 61. Na bei kila mara ilipangwa na tajiri baada ya gunia kufika chini ya banda lake, yaani mnunuzi, mpimaji na mdai ni mtu mmoja. Oktoba 2014 wakagombana. Mjomba akarudisha mashine moja, akashusha magunia ya mwisho, akaondoka. Hawakuandikiana kitu. "Tulimalizana kiutu uzima," anasema. Nimemwambia kiutu uzima hakina muhuri, akacheka kidogo.

Sasa sheria. Deni la mkataba lina ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Kutoka Oktoba 2014 miaka sita inaishia Oktoba 2020. Kesi ilifunguliwa Agosti 2021. Imechelewa, na kesi iliyochelewa hutupwa hata kama mdaiwa mwenyewe hakulisema hilo.

Ila aya ya saba ya hati ya madai imejipanga vizuri: inadai kwamba tarehe 3 Juni 2017 mdaiwa alilipa sehemu ya deni, shilingi 187,000, kwa simu. Malipo ya sehemu, au maandishi yenye saini ya kulikiri deni, huanzisha hesabu ya miaka upya. Ukianza 2017, kesi ya 2021 iko ndani ya muda bila wasiwasi.

Nimemuuliza Mjomba kuhusu hiyo hela. Amefikiri, kisha: "Si zile za msiba, mwanangu? Mama yake alifariki. Tulichanga mwaloni, mimi ndiye nilituma."

Nimepigia mstari mara mbili.

11 Machi

Tumekwenda kwa wakili. Mjomba alianza na magunia: 96, si 61, na bei, na kipimo. Wakili akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Mzee, magunia tutayahesabu. Kwa sasa mahakama haiulizi kama unadaiwa. Inauliza ulikuwa wapi."

Njia alizozieleza ni mbili. Kukata rufaa Mahakama Kuu inawezekana hata kwa hukumu ya upande mmoja, lakini huko watasoma kilichomo kwenye jalada tu, na kwenye jalada Mjomba hayumo. Aliyenyimwa nafasi ya kusikilizwa anarudi kwanza mahakama ileile iliyotoa hukumu, aombe iitengue kwa sababu ya msingi. Muda wa ombi hilo ni siku 30, na zinahesabiwa kutoka tarehe ya hukumu, si tarehe uliyoijua. Kwa hiyo mlango ulifungwa Aprili 2022, wakati Mjomba hajui kama kuna mlango. Lazima tuanze na ombi la kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14 cha Sura ya 89, na tukilipata ndipo lije ombi la kutengua.

Usiku nimesoma TanzLII, tovuti ya maamuzi ya mahakama. Uamuzi unaotajwa kila mahali ni wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya Wadhamini wa YWCA, namba 2 la 2010. Anayeomba muda aeleze kipindi chote cha kuchelewa, kisiwe kimepitiliza, aonyeshe bidii na si uzembe, na mahakama inaweza kutazama sababu nyingine nzito, kama kasoro ya kisheria ndani ya uamuzi wenyewe. Hili la kasoro lina mzizi wa mwaka 1992, kwenye shauri lililomhusu Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi. Kuhukumiwa bila kuitwa ni kasoro ya aina hiyo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu.

Mjomba ameuliza habari ya kufungwa. Mfungwa wa madai hakai zaidi ya miezi sita, na chakula chake analipia huyo anayemdai. Hapo uso ukamfunguka. Ukajifunga tena alipoambiwa kifungo hakifuti deni.

Ada tumepatana ilipwe kwa awamu, kila giza likiisha.

13 hadi 15 Machi

Ukerewe, kutafuta mahali alipokuwa Mjomba tarehe 14 Septemba 2021. Nimekwenda kwa barabara: basi la Bunda, pantoni ya Kisorya hadi Rugezi. Mvua njia nzima.

Kumbukumbu ya mtu haitoshi. Nani anakumbuka Jumanne moja ya miaka miwili na nusu nyuma? Tumeanza na barua ya mtendaji kuthibitisha makazi tangu 2016. Nzuri, lakini mtu wa Ukerewe anaweza kuamkia Nyakato. Katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) ya mwalo wao ndiye aliyetufungulia sanduku la bati. Kumbe siku ile kulikuwa na mkutano wa BMU kuhusu ushuru wa mialo, ulianza saa tatu asubuhi. Mahudhurio ni orodha ya mkono, Mjomba ni wa kumi na moja, saini yake ile yenye mkia mrefu. Chini kuna muhuri na saini ya ofisa uvuvi aliyehudhuria. Ukitoka pale kwa usafiri wowote uliopo huwezi kuwa Nyakato saa tano.

Katibu hakutaka kutoa kitabu, na amefanya sawa. Tumepiga nakala Nansio mjini akiwa amekishika mwenyewe.

18 hadi 20 Machi

Viapo. Wakili ana msimamo nao: unaapia unachokijua wewe, na ukimtaja mtu mwingine, huyo naye aape chake. Kwa hiyo vimekuwa vinne: Mjomba, mtendaji aliyemkabidhi karatasi, katibu wa BMU, na mimi kuhusu masjala. Hakuna hoja wala maombi kwa mahakama ndani ya kiapo, ni matukio tu. Mjomba alitaka aingize kwamba tajiri ni mtu wa dhuluma. Imekatwa.

Aya ya tisa ya kiapo chake imenakiliwa kutoka humu karibu neno kwa neno, na baadhi ya siku ni hizi: tarehe 4 kupokea, 6 kukagua jalada, 7 kusubiri nakala, 8 kuzipokea, 9 kusafiri, 10 Jumapili, 11 kwa wakili, 13 hadi 15 kufuata kumbukumbu, 16 kurudi, 18 na 19 kuandaa na kuapa.

Tarehe 20 tumepakia kwenye mfumo wa mahakama wa kielektroniki, tukalipa, shauri likapata namba. Pamoja nalo ombi la kusimamisha ukazaji hadi hili lisikilizwe.

Aprili

Siku ya kuonyesha sababu. Hakimu ameona kuna ombi mezani, akaamuru mambo yabaki yalivyo. Mjomba alikuja na begi la nguo endapo angelala ndani. Amerudi nalo.

Mei

Kiapo kinzani cha tajiri kimeletwa, na pingamizi la awali juu yake: eti kiapo cha katibu wa BMU hakionyeshi mahali kilipoapiwa. Kinaonyesha. Mahali hapo pako ukurasa wa pili, juu, kwa sababu ukurasa wa kwanza ulijaa. Limesikilizwa, limetupwa, na limekula mwezi mzima. Katiba, Ibara ya 107A, inaagiza mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na bado mawakili wanaishi kwa masharti hayo kama kunguru kwa jalala.

Kwenye korido Mjomba na tajiri wamekutana uso kwa uso. Nilishika pumzi bure. "Shikamoo kaka mkubwa." "Marahaba. Vipi huko, dagaa wanatoka?" Wakasimama wakizungumza bei ya gunia na jinsi mvua inavyoharibu uanikaji, mpaka karani alipoita shauri letu.

Juni

Hii ndiyo kazi niliyoifanya kwa moyo wote mwezi huu, ingawa wakili anasema ni ya siku nyingine: zile 187,000.

Taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu inaonyesha fedha imetoka namba ya Mjomba kwenda namba ya tajiri tarehe 3 Juni 2017. Haisemi ya nini. Kwa hakimu asiyejua, ni mdaiwa amemtumia mdai hela. Lakini kiasi chenyewe ni cha ajabu. Mtu anayepunguza deni la milioni anatuma laki mbili, laki tano. Nani anatuma laki moja themanini na saba?

Mzee aliyekuwa mweka hazina wa kikundi chao cha kufa na kuzikana bado yupo. Hakuwa na daftari la misiba. Alikuwa na daftari la mafuta ya taa na vipuri, na misiba iliandikwa kurasa za nyuma, kichwa chini miguu juu. Tumegeuza. "Msiba wa mama wa tajiri, Juni 2017." Majina 23. Wengi 10,000, wengine 5,000, mmoja 2,000, Mjomba 20,000. Nimejumlisha kwa kikokotoo, kisha mzee akajumlisha kwa kalamu. 187,000 kamili. Pembeni imeandikwa "zimetumwa kwa simu" na jina la Mjomba.

Hizo ni fedha za watu 23. Mjomba alikuwa mtumaji tu, na mtu hawezi kuwa amekiri deni lake kwa hela ya jirani. Nimemtumia wakili picha saa hiyohiyo. Amejibu: "Daftari lisitoke mikononi mwa mzee."

15 Agosti

Uamuzi wa ombi la kuongezewa muda. Wakili wa tajiri alishambulia zile siku baina ya 4 na 20 Machi, hasa tarehe 7, akidai haina maelezo. Ina maelezo, na ina rejista ya masjala yao wenyewe. Hakimu ameona kila siku imeelezwa, na kwamba madai ya kutoitwa yanatosha yenyewe kuwa sababu nzito. Muda umeongezwa, tupewe siku 14 kuleta ombi la kutengua. Tumeliwasilisha tarehe 20, hatukusubiri.

Septemba na Oktoba

Hoja za maandishi. Mpeleka wito aliitwa ahojiwe juu ya kiapo chake. Alipoulizwa jina la mwenyekiti wa mtaa alisema amesahau. Alipoulizwa rangi ya geti alisema jeusi. Nyumba ile haina geti.

21 Novemba

Hukumu ya upande mmoja imetenguliwa. Tuzo imeondoka nayo, na ukazaji. Wakili wa tajiri aliomba Mjomba aweke nusu ya fedha mahakamani kama sharti, jambo ambalo sheria inaliruhusu hakimu akiona inafaa. Hakuona inafaa kwa mtu ambaye hakuitwa. Gharama zitafuata matokeo ya kesi. Hati ya utetezi iletwe ndani ya siku 21.

Ndugu wameanza kupiga simu kumpongeza Mjomba kwa kushinda. Hajashinda kesi. Kesi ndiyo kwanza inaanza, ile ya 2021, na Mjomba safari hii yumo.

9 Desemba

Utetezi umewasilishwa. Ukomo wa muda ndiyo aya ya kwanza, kisha riba isiyo kwenye mkataba, kisha mashine iliyorudishwa, kisha magunia 96. Nilidhani ukomo tungeuleta kama pingamizi la awali tumalize mapema. Wakili amekataa: tangu shauri la Mukisa Biscuit la mwaka 1969, pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi. Sisi tunabishania hela ya 2017 ilikuwa ya nini, na hilo linahitaji mashahidi. Kwa hiyo litasikilizwa pamoja na mengine.

Kabla ya hapo kuna usuluhishi wa mahakama. Tajiri ameshatuma mtu kupima maji: milioni kumi, yaishe. Mjomba anasema atakaa naye mezani, ila daftari zote mbili zifunguliwe, lake na la tajiri, gunia kwa gunia. Wakili hapendi, anaona kesi imekufa kwa ukomo na hakuna haja ya kuhesabu chochote. Mimi niko upande wa wakili, lakini deni si langu.

Yaliyobaki kabla ya Februari: nakala tatu za kurasa za nyuma za daftari la mzee, barua kwa kampuni ya simu watoe taarifa yenye muhuri badala ya ile ya kuchapisha mwenyewe, na nauli ya mzee na ya katibu wa BMU, kwenda na kurudi, pamoja na mahali pa kulala.